Unga wa Usiku

Saa kumi na moja alfajiri mimi nimeamka,
vidole bado.
Vimelala vimevimba, kama vya mtoto aliyechezea mzinga,
na beseni jikoni lanisubiri:
unga kilo tatu, hiliki, tui zito.
Wateja wa Kuze hawana habari na vidole.
Wao wajua saa kumi na mbili na nusu, mahamri yawe moto.

Baridi yabisi, ndilo jina walilonipa.
Mombasa hii! Mwezi wa pili,
shuka limenata mgongoni,
feni lazungusha joto lile lile la jana.
Hiyo baridi iliingilia mlango gani?
Na yabisi si kikavu?
Mbona magoti yangu yajaa maji kama dafu?

Bi Shumi alinikanda mafuta ya nyonyo hadi nikalia.
Wifi akasema ni jicho, na jicho lenyewe akalitaja jina.
Nikaumikwa.
Nikanunua chupa kwa mtu mmoja Marikiti,
siku kumi nikapanda ngazi mbiombio kama msichana,
kisha uso ukawa duara, na maumivu yakarudi na jamaa zake.
Pete ya ndoa aliikata sonara kwa koleo.
Hakunitoza. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Daktari Kadzo aliilaza mikono yangu mezani, yote miwili,
akaitazama kama anayesoma barua.
"Waona? Kulia na kushoto vyafanana. Huu si uzee, Mwanajuma,
wala hukulogwa.
Mwilini mwako mna mlinzi.
Kazi yake wezi. Sasa ampiga mwenye nyumba."

"Basi tumfukuze," nikasema.

"Ukimfukuza, wezi wataingia.
Tutampunguzia rungu."

Dawa ikawa ya Jumapili. Jumapili tu.
Aliliandika neno kwa herufi kubwa,
akanitajisha mara tatu kama mtoto wa chuoni,
kwani kuna aliyeimeza kila siku
akaletwa midomo imechubuka, hawezi hata maji.
Na kila miezi michache nitoe damu ipimwe,
ini lisije likalipa deni la vidole.
Homa ikinishika, nisingoje. Nije.

"Itapona lini?"
Akaiweka kalamu chini.
"Haiponi. Hutulia."

Nilirudi kwa miguu hadi nyumbani, ili nisilie ndani ya gari la watu.

Wiki ya kwanza, si kitu. Ya tano, si kitu.
Ya tisa nilifungua chupa ya maji bila kumwita mtu,
nikaifunga, nikaifungua tena.

Usiku mmoja, baada ya isha, nimekaa,
nikaona vidole vyakunja na kukunjua
kana kwamba si vile vya alfajiri.
Nikajiuliza: nani alisema unga hukandwa na jogoo?
Mamangu. Na yeye aliambiwa na mamake.
Na wote wawili, sasa nakumbuka,
walishika vikombe kwa viganja, si kwa vidole.

Basi nakanda saa tatu usiku.
Hamira nusu, joto lisiuchachushe.
Alfajiri Twalib asukuma, akata, achoma,
nami nimetia mikono kwenye maji ya uvuguvugu
naisubiri irudi kutoka ilikokwenda.
Mahamri yake yana pembe tano, mengine sita.
Mteja mmoja aliuliza kama ni mtindo mpya.
Nikamwambia ndiyo.

Si kila siku. Juzi viungo viliwaka moto,
nikaswali juu ya kiti, nikavalishwa buibui na mwanangu,
na mlango wa biashara haukufunguliwa.
Watu walinuna. Wacha wanune.

Leo vidole vyataka nusu saa.
Nami nimewapa, kama wageni wa mbali.
Twalib aita, "Mama, mafuta yamechemka!"
Ngoja kidogo.
Kidole cha shahada ndicho kwanza chaitika.